Swali Bila Nyusi

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu ameondoka asubuhi na basi la kwanza. Amekwenda kusomea ualimu wa ushonaji kwenye shule ya viziwi, miezi minne kasoro siku chache. Ameniachia daftari hili, yeye amebeba lenye jalada la kijani. Tumekubaliana kila mtu aandike lake, akirudi tubadilishane. "Simu inasahau," alisema. Mimi ni kinyozi, na tangu niache shule sijaandika kitu kirefu kuliko tangazo la "nimetoka, narudi sasa hivi". Lakini nimeahidi.

Watu hudhani nyumba ya kiziwi ni kimya. Hawajawahi kulala nyumba moja na mtu asiyesikia mlango anaoubamiza mwenyewe. Leo milango yote imetulia, sufuria zimetulia, hakuna anayepiga mguu sakafuni kuniita. Nimekula nimesimama.

Jumatano, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Wateja watatu, mmoja alikuja kujikinga tu.

Ijumaa, 7 Machi

Tumeongea kwa simu ya video. Ana chumba chenye dirisha, na mwenzake wa kitanda cha pili anakoroma mpaka ukuta unatetemeka, ndivyo alivyojua kwamba anakoroma. Nilicheka nusura nianguke kwenye kiti.

Fundi viatu, jirani yangu wa duka la kushoto, alikuwa amesimama mlangoni akitutazama. Tulipomaliza akaniuliza, "Hivi ndugu yangu, kwa mikono unajuaje kwamba mtu anauliza?" Najua, mke wangu, kwamba utasoma hapa na kunicheka, lakini jibu langu nimelipenda, acha niliandike. Nilimwambia: hata sisi wa mdomo, "umekula" na "umekula?" ni neno lilelile, kinachopanda ni sauti tu. Kwao hakuna sauti, kinachopanda ni nyusi. Mikono inasema "wewe kula". Nyusi zikipanda, ni swali. Zikitulia, ni habari, au ni amri.

Fundi viatu ameshinda akipandisha nyusi kwa kila mteja. Mama mmoja alichukua viatu vyake akaondoka amenuna.

Sikumwambia kwamba nyusi ndilo jina langu. Kwa viziwi naitwa hivi: kidole cha shahada kinainua nyusi ya kushoto. Ni mke wangu aliyenipa, siku zile nilipokuwa nafuata nyumba yao kunyoa watoto wa kaka yake na kujifunza alama moja kila nikienda. Nilikuwa maswali matupu. Umekula? Umelala? Unaitwa nani? Unakwenda wapi? Na nyusi nilizipandisha kwa yote, hata kwa "nani" na "wapi" ambayo huulizwa kwa kuzikunja. Alikuwa akiniona kwa mbali anaweka kidole juu ya jicho, wenzake wanavunjika mbavu. Hata leo sijawahi kupewa jina ninalolipenda zaidi.

Jumanne, 11 Machi

Leo nina mengi, na sijui kama nitayaacha humu.

Niliamka salama. Nikanywa chai, chai ikamwagika kifuani. Nikadhani kikombe kimepasuka. Nikajaribu kupiga mluzi nikiwa njiani, ukatoka upepo. Kufika dukani nikafungua taa, na duka langu lina vioo vitatu, kwa hiyo niliona watu watatu wenye uso ulioanguka upande wa kushoto. Mdomo umeteremka. Jicho liko wazi tu, halipepesi. Paji la uso upande huo limekuwa laini kama la mtoto, mikunjo yangu yote ya miaka arobaini na mbili imefutwa.

Fundi viatu aliniona akashika kichwa. "Umepigwa kiharusi!" Alifunga duka lake na langu, akanipeleka zahanati nikiwa bado nimevaa joho la kunyolea.

Daktari ni kijana mwenye haraka. "Onyesha meno." Nikaonyesha nusu. "Vimbisha mashavu." Yakavuja. "Fumba macho." Likafumba moja. "Pandisha nyusi." Ya kulia ikapanda, ya kushoto ikabaki palepale. Hapo daktari akatabasamu. Wallahi nilitaka kumpiga.

"Vizuri sana," akasema.

"Vizuri nini, daktari? Haijapanda."

"Ndicho nilichotaka. Ingekuwa ubongo ndio ulioumia, mdomo ungeanguka lakini nyusi ingepanda. Kwa kuwa vyote vimeanguka pamoja, shida iko chini zaidi, kwenye neva yenyewe inayokuja usoni. Imevimba tu. Kwa wengi hurudi."

"Kwa wengi wangapi?"

"Wengi," akasema, akaandika vidonge.

Kwa hiyo habari njema ya leo ni kwamba nyusi yangu ya kushoto imekufa. Ile ambayo ni jina langu.

Jumatano, 12 Machi

Vidonge, matone ya jicho, plasta ya kulifumbia wakati wa kulala. Mashine ya kunyolea inanguruma kwenye sikio la kushoto utadhani imepewa spika. Chumvi naisikia upande mmoja wa ulimi. Wateja wanadhani nalia. Mmoja ameniambia "pole kwa msiba".

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya simu. Nilivaa kofia mpaka kwenye kope na kuweka taa nyuma yangu. Nikamwambia taa ya mbele imeungua. Alikunja uso akisogeza simu yake karibu, kana kwamba atanivuta kwa mkono. Nikakatisha mapema, nikasingizia mvua.

Sababu ni hii, na nitaiandika ili nikija kuhukumiwa ihesabiwe. Miaka sita iliyopita alipata nafasi kama hii. Mama yangu akaugua, yeye ndiye aliyemuuguza, nafasi ikapita. Hakuwahi kulitaja. Najua tu kwa sababu barua ya nafasi ile aliitunza kwenye kopo la vifungo. Akiniona hivi atapanda basi la kesho. Sitaki kuwa kopo la pili.

Nimemkumbuka. Nimekaa na kofia kichwani ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Jumapili, 16 Machi

Mvua. Paa linavuja juu ya cherehani yake. Nimeihamisha.

Jumanne, 25 Machi

Daktari kanituma kwa mama wa mazoezi ya viungo. Wagonjwa wote humwita Mama Vioo kwa sababu kila anayeingia anapewa kioo kidogo cha mkononi. Mimi kinyozi, nikapewa kioo. Nikamwambia, "Mama, hii kwangu ni adhabu, vioo nimevikimbia." Akasema, "Kaa, mwanangu, na ushike."

Ni mama mtu mzima, anaongea polepole na haulizwi mara mbili. Alichora nyuma ya kadi yangu: ubongo, chini yake shina nene linaloelekea shingoni. Ndani ya shina akatia nukta, kulia na kushoto.

"Hivi ni viini. Kila kimoja kina misuli yake, hakigusi ya mwenzake. Cha kutafuna ni hiki, ndiyo maana unatafuna. Cha ulimi kiko huku chini, ndiyo maana unanijibu jeuri. Cha kuinua kope ni kile cha juu, kizima. Cha kufumba jicho ndicho hiki cha uso, na neva yake ndiyo iliyobanwa kwenye tundu la mfupa nyuma ya sikio lako."

"Kwa hiyo mlango una wa kuufungua, wa kuufunga hayupo."

"Yupo. Anapiga kelele, waya haufikishi. Sasa tazama." Akaikuza nukta ile ya uso mpaka ikawa kama punje ya harage, akaigawa mafungu. "Hata humu ndani kuna mpangilio. Fungu hili ni la midomo, kubwa kuliko yote, maana midomo haipumziki. Hili la jicho. Hili la nyusi, dogo. Tena hili dogo lina bahati, linapokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo. La midomo linapokea hasa kutoka upande mmoja."

"Ndiyo maana daktari alichekelea nyusi yangu."

"Ndiyo. Mabwana wote wawili wapo na bado haijapanda, basi kosa si la mabwana."

"Na kwa nini fungu lake ni dogo hivyo?"

"Nyusi zina kazi gani, mwanangu? Kushangaa tu."

Nilifungua mdomo nimwambie. Nikaufunga, kwa msaada wa kidole.

Zoezi lenyewe: nisiuvute upande mbovu kwa nguvu, na nitulize upande mzima, usitambe, uso uwe sawa pande mbili. "Tuliza wa kulia. Tulia. Hivyohivyo." Niondoke nalo hilo nyumbani, mara tatu kwa siku.

Jumatatu, 31 Machi

Mazoezi. Uso umekuwa kama bakuli la uji uliopoa, lakini umelingana.

Ijumaa, 4 Aprili

Amefurahi leo mpaka mikono inagongana. Mwalimu mkuu amemwambia, akimaliza, kuna nafasi ya kufundisha palepale, moja kwa moja. Wasichana kumi na wanne, cherehani sita. "Hawajawahi kuwa na mwalimu kiziwi wa ushonaji," alisema. "Mimi ndiye wa kwanza." Nikasema hongera, na nilikuwa namaanisha. Baada ya simu nikakaa kwenye kiti cha wateja nikijitazama. Kwa hiyo huenda harudi. Huenda siku ile ya basi ndiyo ilikuwa siku yenyewe ya kuagana na mimi nikashughulika na mizigo.

Sikumuuliza. Sikuwa na nguvu.

Jumatatu, 7 Aprili

Shemeji, kaka yake mke wangu, amekuja kunyolewa. Habari za ile kazi zimemfikia, na uso wangu nimemsihi asimtajie. "Mwambie arudi. Kwani wewe ni mume au ni mpangaji?" Huyu ndiye aliyemlea, na miaka yote hiyo hakujifunza alama hata tano. Anazo tatu: njoo, nenda, acha. Mke wangu aliwahi kuniambia alinipenda kwa sababu nilikuwa mtu wa kwanza katika nyumba ile kumuuliza kitu.

Nikamwambia, "Shemeji, mkeo umemwambia mambo mangapi akayafanya?" Akacheka, nikamaliza kisogo chake. Akiondoka akasema, "Basi nitamwandikia mimi, nimwambie wewe unataka arudi."

Nilidhani anatania.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimemuuliza. Kutwa nzima nilijifunga mkanda. Leo sikuweka hata taa nyuma: mwanga wa dirisha ulitosha, kofia niliipandisha kidogo, nikakaa kama Mama Vioo alivyonifundisha, upande mzima umetulia, uso sawa kulia na kushoto. Nilijipongeza kimoyomoyo. Hakuna ambaye angejua.

Nikasema kwa mikono, polepole, kwa adabu: wewe, kurudi, nyumbani, mwezi wa sita.

Alinitazama muda mrefu. Nikadhani picha imeganda, maana mvua ilikuwa inanyesha huko kwake pia. Kisha akasema, "Sawa. Nimeona." Akakata.

Jumapili, 13 Aprili

Hapokei.

Jumanne, 15 Aprili

Hapokei. Mvua tangu asubuhi, mtaro wa mbele ya duka umefurika. Fundi viatu anaokota soli zinazoelea.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimemwandikia ujumbe: Kuna nini?

Akajibu: Kaka kaniandikia. Na wewe umeniambia mwenyewe. Nina kazi.

Nikaandika: Sijakuambia. Nilikuuliza.

Akajibu: Uso wako niliuona.

Mke wangu hapendi kuandikiana. Maandishi kwake ni ya kununua vitunguu. Mambo mazito huyasema kwa mwili mzima. Kwa hiyo akiandika maneno matatu, ni matatu aliyoyapima. Uso wako niliuona. Basi ameuona. Kofia haikusaidia, kioo hakikusaidia. Ameona mdomo ulioning'inia na jicho linalotoa machozi, na hakuniuliza hata nimepatwa na nini. Amesema ana kazi.

Kumbe naweza kuchukiwa kwa uso. Sikuwahi kulifikiria, sijawahi kuwa mzuri kiasi cha kuwa na cha kupoteza.

Ijumaa, 18 Aprili

Siku ya simu. Hakuna simu.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimemkata mteja sikio kidogo. Nimemnyoa bure, na bado alikuwa anaondoka ananiomba radhi, akidhani nalia.

Jumanne, 22 Aprili

Mama Vioo aliona nimenyong'onyea. Akaniambia, "Leo hakuna mazoezi ya mashavu. Ongea na kioo. Sema kitu unachokisema kila siku nyumbani, nione unavyoutumia uso." Nikasema nyumbani kwangu hatuongei kwa mdomo. Akasema, "Basi sema hivyo mnavyosema."

Nikasimama mbele ya kioo kikubwa cha ukutani. Mikono ikaenda yenyewe kwenye jambo lililoijaa: wewe, kurudi, nyumbani, mwezi wa sita. Uso umetulia, upande mzima hautambi, sawa kulia na kushoto.

Mama Vioo akapiga makofi. "Umelingana vizuri sana! Na ulikuwa unamwamrisha nani?"

"Simwamrishi mtu, mama. Ni swali."

"Mimi sijui alama zenu. Lakini nimefundisha nyuso miaka thelathini, na huo si uso wa mtu anayeuliza."

Nikajitazama. Nikakaa chini kwenye mkeka wa wagonjwa. Nyusi ya kushoto ilikuwa imekufa, na ya kulia nilikuwa nimeituliza mwenyewe kwa mazoezi mara tatu kwa siku. Mke wangu alimwona mtu mwenye uso mkavu akimwambia: urudi nyumbani mwezi wa sita. Wiki ileile kaka yake amemwandikia lilelile, kwa jina langu. Mtu wa kwanza kumuuliza kitu katika maisha yake amekuwa wa pili kumwambia njoo.

Uso wako niliuona. Hakuona ugonjwa hata kidogo. Aliona ninachosema.

Nilimweleza Mama Vioo yote. Akachukua kadi yangu yenye mchoro, akalikoleza kwa kalamu lile fungu dogo la nyusi mpaka karatasi ikatoboka. "Kumbe lina kazi," akasema.

Ijumaa, 25 Aprili

Nilimwandikia jana: Kesho nipokee mara moja tu, nikuonyeshe kitu. Hakujibu, lakini leo alipokea.

Niliwasha taa zote mbili za mbele, nikavua kofia. Sikutuliza chochote. Nikaweka kidole kwenye nyusi ya kushoto nikaiinua: jina langu. Nikaondoa kidole, ikaanguka. Nikamwambia: imekufa, tangu tarehe kumi na moja Machi. Jicho halifumbi. Mdomo hivi. Ile siku niliuliza, lilikuwa swali, nyusi ndiyo iliyokosekana.

Alisogea mpaka uso wake ukajaa simu. "Geuka," akasema. Nikageuka. "Huku." Nikageuka huku. Machozi yalikuwa yanamtoka, na mikono inapiga kwa hasira.

"Wiki sita," alisema. "Wiki sita unaongea nami umenipa mgongo."

"Nilikuficha ili usiache masomo."

"Mama yangu aliamua nijue nini. Kaka aliamua nijue nini. Wote wanaosikia wananong'onezana juu ya kichwa changu na kuniambia nitaelezwa baadaye. Wewe hukuwa mmoja wao." Akarudia. "Wewe hukuwa."

Uso ulinishuka, upande uliobaki.

Akakata. Mtandao ulikuwa mzima, mvua ilikuwa imepumzika. Alikata yeye.

Jumamosi, 26 Aprili

Ujumbe, saa nne asubuhi: Matone unaweka mara ngapi?

Nimeitazama ile alama ya kuuliza mpaka mteja akaniuliza kama mashine imeharibika.

Jumatatu, 28 Aprili

Mara sita, nilimwambia. Akaandika: Weka nane.

Ijumaa, 2 Mei

Tumeongea. Bado ana hasira, lakini ameitoa mezani, tunaiona wote. Anataka nimwonyeshe uso kabla ya salamu, kila Ijumaa, kama mtoto anayekaguliwa kucha. Nikagusia lile swali. Akanyoosha kiganja: basi. "Hilo sitalijibu kwa simu. Utaniuliza uso kwa uso."

"Uso wenyewe huu?"

"Ndio huohuo."

Jumatano, 7 Mei

Mvua, mvua, mvua. Kitambaa alichokiacha nusu kwenye cherehani kimepata ukungu. Nimekifua, nimekianika ndani. Kinanukia sabuni, hakinukii yeye.

Jumatatu, 12 Mei

Pembe ya mdomo imecheza! Kidogo, utadhani inzi katua. Nimemwita fundi viatu aje aone. Ametazama robo saa hajaona kitu, akasema ameona.

Jumanne, 20 Mei

Mama Vioo anasema midomo hurudi mapema kwa walio wengi, nyusi huja mwisho kama ikija. "Na ikiwa haiji?" Akasema, "Utaishi. Lakini wewe najua unauliza jingine." Nikakaa nalo hilo jingine njia nzima ya kurudi, viatu vimejaa maji.

Nikiwa mkweli, namtamani arudi kwa namna isiyo na adabu. Nataka milango ibamizwe. Nataka nikanyagiwe sakafu nikiwa nimelala. Na nataka pia wasichana kumi na wanne wampate mwalimu wao. Mambo haya mawili nimeyaweka meza moja na hayasalimiani.

Ijumaa, 30 Mei

Ameonyesha sketi waliyoshona wanafunzi wake wa mazoezi. Mshono umepinda. Ameutetea mshono ule kuliko alivyowahi kunitetea mimi.

Alhamisi, 5 Juni

Siku tatu bila mvua. Ukuta wa nyuma umeanza kukauka.

Jumanne, 17 Juni

Jambo jipya, la kuchekesha na la kukera. Mdomo umerudi karibu wote. Lakini nikitabasamu, jicho la kushoto linafumba lenyewe. Nimemtabasamia dada mmoja aliyemleta mwanawe kunyolewa, kavuta mtoto katoka. Fundi viatu: "Sasa umeanza kukonyeza wake za watu?"

Mama Vioo kanichekea. Nyuzi za neva zinapoota upya hazina ramani, anasema. Uzi uliokuwa wa mdomo umepotea njia ukaingia kwenye jicho. Kiini kinatuma tabasamu, tabasamu linafika milango miwili. "Hilo huenda likabaki," alisema. "Tutalipunguza." Nyusi bado. Nimeshaacha kuigombeza.

Ijumaa, 27 Juni

Amefunga mizigo. Kesho. Nimefagia duka mara tatu na sina mteja.

Jumamosi, 28 Juni

Basi lilifika saa sita. Nilikuwa stendi tangu saa tatu, halafu nikamkosa, kwa sababu alishukia njia panda akaja dukani kwa miguu. Nimerudi mbio nikamkuta amekaa kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani, fundi viatu amesimama mbele yake anampandishia nyusi kwa nguvu zake zote bila mikono, masikini, hajui la kuuliza.

Hakunisalimu. Alisimama, akanikalisha kwenye kiti kile, akaanza kunipapasa. Pembe ya mdomo, shavu, kope la chini, nyuma ya sikio. Vidole vyake vina ugumu mpya wa sindano. Kisha akatoa daftari la kijani akaniwekea mkononi.

Kila siku imeanza na mchoro mdogo: mstari mmoja uliopinda, nyusi. Ndivyo anavyoliandika jina langu. Nikafungua Aprili. Kuanzia tarehe kumi na moja hakuna. Kurasa zina tarehe tu, na chini yake hesabu za vitambaa. Tarehe ishirini na sita nyusi imerudi, imechorwa kwa kukandamiza.

Nami nikampa hili, akaliweka kando bila kulifungua. "Niulize," alisema.

Nikasema: wewe, kubaki, hapa, nyumbani. Nikapandisha nyusi kwa nguvu zangu zote, na kwenye vioo vyote vitatu ikapanda ya kulia peke yake.

Akanyoosha mkono. Akaweka kidole cha shahada chini ya nyusi yangu ya kushoto, akaiinua mpaka ikalingana na mwenzake, akaishikilia pale. Lilikuwa jina langu, na swali langu lilikuwa limekamilika.

Kwa mkono wa pili akajibu. "Hapana."

Nikatikisa kichwa kwamba nimeona. Kidole kilikwenda nacho, hakikuniachia.

"Wanafunzi wananingoja," akasema kwa mkono uleule mmoja. "Kuna nyumba ya mwalimu, vyumba viwili. Vichwa vya kunyoa vipo mia tatu." Kisha akasema: wewe, kuja, pamoja, mimi. Na nyusi zake zote mbili zikapanda, zikabaki juu, zinangoja.

Nilitaka kusema kitu kizuri. Badala yake nikatabasamu, na jicho likafumba lenyewe.

Akacheka ile sauti yake kubwa asiyoisikia, fundi viatu akaruka. "Unanikonyeza," akasema, "au umejibu?"

"Vyote viwili," nikamwambia.

Hivi sasa yuko nyuma anabamiza makabati. Naandika huku nimeshika bisibisi. Kioo cha kulia kimeshashuka, cha kushoto kimeshashuka, cha katikati kina skrubu yenye kutu.